Maua kengele ya kula yanakugomea Dodoma? Anza na dalili

Jumamosi moja mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa Ntyuka, alikuja na jani ndani ya kopo la siagi.

"Shikamoo baba. Huu ni ugonjwa gani tena?"

"Marahaba mwanangu. Hebu nione."

Jani lilikuwa kijani kibichi, limenona, halina doa wala tundu. Nikaligeuza upande wa chini, hamna mdudu. Nikamwambia mbona zima. Akasema, "Zima ndiyo, lakini huu ni mwezi wa kumi na moja tangu nipande, sijaona ua hata moja. Nimeweka samadi, nimeweka yurea, nimemwagia mpaka maji ya kuoshea mchele."

Hakukuwa na ugonjwa pale. Malalamiko mengi ninayoletewa kuhusu maua kengele hapa mjini ni ya namna hiyo. Mmea hauumwi, umepotea njia. Asili yake ni nchi za baridi, na hapa umekutana na jua, upepo, maji ya chumvi na siku zisizorefuka. Kwa hiyo kabla hujakimbilia duka la pembejeo Majengo kununua dawa, angalia umepanda wapi, umepanda na nani, na unamwagilia maji gani. Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kuanzia mbegu mpaka sahani.

Ninaposema maua kengele ninamaanisha jamii ya Campanula. Zipo aina nyingi mno, ila wanaopanda kwa ajili ya kula hurudi kwenye chache. Campanula rapunculus ina mzizi mweupe mnene, kama figili iliyokonda, na majani yanayopikwa kama spinachi. Campanula persicifolia ina majani membamba, laini, na utamu wa mbali; hilo ndilo la saladi. Carpatica ni fupi, la kwenye chungu, na mimi nimeliweka kwa ajili ya macho na nyuki, si kwa ajili ya jikoni. Mbegu za kutoka nje zinatakiwa kuingia na kibali na cheti cha afya ya mimea, mambo yanayosimamiwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Bahasha ya kufichwa kwenye soksi za mgeni ndiyo njia ya kuletea nchi ugonjwa mpya.

Nimepanda mbegu, wiki tatu sasa hakuna kitu

Swali la kwanza: ulizifukia? Watu wa Dodoma tumezoea mtama, uwele na karanga. Unachimba, unatupia, unafunika kwa mguu. Mbegu ya ua kengele ni vumbi. Ukiimwaga kwenye kiganja na kupumua kwa nguvu, imekwenda. Tena inataka mwanga ili iote, kwa hiyo ukiifukia sentimita moja umeizika.

Mimi hufanya hivi. Ninachukua ndoo ya plastiki ya aiskrimu yenye mfuniko unaopitisha mwanga, ninatoboa chini matundu sita, ninajaza mboji iliyochekechwa kwa chekeche la unga, nusu kwa nusu na mchanga wa mto uliooshwa. Ninaibonyeza juu kwa kiganja mpaka iwe sawa. Mbegu ninazichanganya na kijiko cha mchanga mkavu, ninanyunyiza kama chumvi kwenye mchuzi, basi, sifuniki na chochote. Ndoo ninaikalisha ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili mpaka juu paonekane pamelowa, kisha ninaitoa. Maji yakipanda kutoka chini mbegu hazihami. Ukimwagilia kwa kopo kutoka juu zote zinakusanyika kona moja, halafu unashangaa miche imeota kama nywele za mtoto mchanga.

Swali la pili: ulipanda mwezi gani? Mbegu hizi zinapenda nyuzi joto 15 mpaka 21. Oktoba na Novemba Dodoma inapita 30 mchana na udongo juani unapita hapo. Mimi huanza mwishoni mwa Aprili au Mei, mvua zikishakata na usiku umeanza kupoa. Juni na Julai usiku hushuka mpaka kama 13, na hapo ndipo mmea huu unapojiona uko kwao. Kuota huchukua wiki mbili mpaka nne, basi usiimwage ndoo siku ya kumi.

Miche ilikuwa mizuri jioni, asubuhi imelala

Inama uangalie pale shina linapotoka ardhini. Kama pamebana, pamekuwa membamba kama uzi na rangi ya kahawia, hiyo ni kinyausi. Ni fangasi wa udongo uliolowa muda mrefu bila hewa. Miche iliyolala haiamki. Iliyobaki ihamishe kwenye mchanganyiko mpya, fungua mfuniko mchana, punguza maji, panda mbalimbali zaidi safari ijayo. Samadi mbichi kwenye kitalu ndiyo mwaliko wake mkubwa.

Kama mche umekatwa kabisa na kipande kiko pembeni, chimba kidogo kwa kidole. Utamkuta sota, kiwavi wa rangi ya udongo, amejikunja. Kama mche haupo kabisa, ulizia kuku.

Majani yanakauka kingo, katikati mazima

Hapa kuna visababishi vitatu na vyote vitatu tunavyo, kwa hiyo usichague mapema.

Upepo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wetu ni mkavu na unakuja na vumbi. Jani laini linapoteza maji haraka kuliko mzizi unavyopandisha. Dalili yake ni kwamba majani yanayotazama upande upepo unakotokea yameungua, ya upande wa pili yana nafuu. Dawa yake ni ukuta wa mimea. Mistari miwili ya mtama au mbaazi inatosha. Alizeti pia inazuia upepo, na kwetu sisi na Singida mbegu yake haikosekani, lakini iweke mbali, hatua mbili hivi kutoka kwenye tuta. Mizizi na mabaki yake hayaelewani na miche midogo. Na usitandaze maganda ya alizeti juu ya tuta hili, nimefanya kosa hilo na miche ikadumaa msimu mzima.

Jua. Mabaka meupe au ya rangi ya karatasi, juu ya majani ya juu, mara nyingi upande wa magharibi. Ulaya ua kengele linawekwa juani. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta na mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua letu si lile. Lipe la asubuhi mpaka saa nne, baada ya hapo kivuli chepesi.

Chumvi. Hii ndiyo inayowapita wengi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi na ugumu. Angalia sufuria ya chai ilivyojaa magamba meupe ndani. Yale magamba ndiyo yanayobaki kwenye udongo wako kila unapomwagilia. Ukiona ukingo wa chungu umefanya unga mweupe, na ncha za majani zinakauka zikiwa za kahawia, hata yale ya kivulini, basi ni chumvi. Wanaopanda kwenye vyungu wanaathirika kabla ya wa ardhini, kwa sababu wanamwagilia kidogokidogo na chumvi haipati pa kwenda. Mara moja kwa mwezi mwagilia kwa wingi, mara mbili ya ujazo wa chungu, maji yatoke chini yaende. Na kinga maji ya mvua. Paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 10 tu linatoa karibu lita 500. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo simtanki la msimu huo ndilo la kunusuru miche ya Mei.

Kuna chumvi nyingine unayoileta mwenyewe: mbolea ya dukani juu ya udongo mkavu. Yule mama wa kopo la siagi alikuwa na bahati, yurea yake ilikuta tuta limelowa.

Majani ya njano, mishipa imebaki kijani

Kama njano imeanza kwenye majani machanga ya juu, mmea unakosa chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila maji magumu yameufanya udongo uwe na alkali na mzizi haukipati. Wengi humwaga majivu hapa. Usifanye hivyo, majivu yanaongeza alkali. Weka mboji ya kutosha, tumia maji ya mvua, majani mapya yatatoka na rangi yake. Kama njano imeanza chini, kwenye majani ya zamani, na jani lote linapauka pamoja na mishipa, hiyo ni njaa ya naitrojeni, na samadi iliyooza vizuri inamaliza.

Mmea umenyauka

Nauliza, saa ngapi? Ukinyauka saa saba mchana na saa moja jioni umesimama, acha. Umefunga milango tu, usiujaze maji. Ukiamka asubuhi, kabla jua halijatoka, ukaukuta umenyauka na udongo una unyevu, tatizo liko chini. Ng'oa mmoja.

Mizizi laini, myeusi, inanuka: imeoza kwa maji yaliyotuama. Hutokea sana kwa waliopanda kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata; inua tuta sentimita 20 na uchanganye mchanga.

Mizizi ina vinundu kama shanga: minyoo fundo. Utaikuta kama hapo awali palikuwa na nyanya, bamia au biringanya. Watu wanaambiwa wapande bangi mwitu, hili ua la njano la Tagetes, kisha wanapanda shina moja kila kona kama askari. Haisaidii. Lipande tuta zima, likae miezi mitatu, ligeuzie humohumo udongoni, ndipo ulete ua kengele.

Mizizi haipo, imeliwa, na kuna udongo uliosilibwa: mchwa. Na mara nyingi ulimwita wewe, kwa matandazo ya mabua makavu ya mahindi. Kwenye bustani ya mboga za baridi mimi nimeacha mabua kabisa, natandaza kokoto ndogo za nusu inchi, unene wa vidole viwili. Zinapoza udongo, mchwa hana cha kula, na majani ya chini hayagusi tope. Wageni wanacheka kwamba napanda mboga kwenye zege.

Nilipanda na mimea rafiki, sasa rafiki ndiye adui

Hapa nitakaa kidogo, maana maneno ya mimea rafiki yanachukuliwa kama orodha ya ndoa: huyu na huyu, basi, wataishi kwa raha. Rafiki wa ua kengele Dodoma ni yule anayempa kivuli, anayemkinga upepo, au anayemtunzia unyevu, bila kumnyang'anya maji. Huyohuyo akibadilika umbo, urafiki umekwisha.

Chukua zabibu. Wengi wetu tuna kichanja cha zabibu uani, na chini yake ni mahali pazuri kuliko pote: kivuli cha madoa madoa, hewa inapita, udongo umeshalishwa samadi. Niliweka tuta langu la kwanza hapo. Likastawi mpaka siku niliyopogoa. Zabibu hapa tunazikata ili tuvune mara mbili kwa mwaka, na siku unayokata matawi kivuli chote kinashuka na matawi yale. Saa nne asubuhi nilimaliza kukata, nikaenda kunywa chai nimejipongeza. Saa tisa nilikuta majani ya persicifolia yamelala juu ya kokoto kama mboga iliyotoka kwenye chungu. Hakuna mdudu wala ugonjwa, na kumwagilia kulikuwa kumechelewa. Siku hizi, kabla ya kushika mkasi, natundika neti ya kivuli au hata viroba vilivyochanwa, vinakaa mpaka chipukizi za zabibu zifunike tena, wiki nne au tano.

La pili kwenye zabibu ni dawa. Ubwiri unga hauna huruma, na wengi tunapuliza salfa au dawa nyingine za fangasi. Kinachodondoka kinadondokea majani unayotaka kula. Ama ufunike tuta kwa nailoni siku ya kupuliza, ama usile mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite, na hata hivyo uoshe. Dawa isiyoandikwa kwamba inafaa kwa mboga za majani, mimi siiruhusu ifike karibu na tuta.

Mlonge ni kivuli kizuri, majani yake madogo yanachuja jua. Uupogoe, la sivyo unapaa na kivuli kinahamia kwa jirani. Mwarobaini ni mti mzuri mahali pengine. Chini yake mizizi yake inakunywa kila unachomwaga. Mkaratusi usiutaje.

Kunde. Hizi ni nzuri, ila chagua ya kusimama, si ile inayotambaa. Ya kutambaa inafunika ua kengele ndani ya wiki tatu na unaikuta miche imepauka chini kama kitu kilichofunikwa na gunia. Na usitegemee kunde iligawie ua kengele naitrojeni ikiwa hai. Sehemu kubwa hurudi udongoni inapooza, kwa hiyo ukimaliza kuchuma usiing'oe: ikate usawa wa ardhi, mizizi ibaki.

Vitunguu na kitunguu swaumu vinakaa vizuri naye, havina kivuli wala mizizi mirefu. Rihani iweke pembeni, inapenda jua zaidi yake. Mchicha uvunwe mapema. Ukifika magotini umeshakuwa mporaji.

Mgagani ndio ninaousifu kuliko yote, na watu wanaung'oa kama magugu! Watafiti nchini Kenya waliupanda kati ya mistari ya waridi wakakuta utitiri umepungua. Mimi sina maabara, nina tuta mbili. Lenye mgagani kila hatua moja lilipita Septemba likiwa na majani, lisilo nao liligeuka rangi ya shaba. Tena mgagani wenyewe unaliwa. Bibi mmoja wa Kigogo aliponikuta naupanda kwa mstari na kamba alisema, "Mbukwa mwanangu. Sasa hiki si kinaota chenyewe?" Kinaota chenyewe, bibi, ila si pale ninapokitaka.

Rangi ya shaba, utando mwembamba, majani yamekunjamana

Ya shaba na vitone vidogo vidogo vilivyopauka ni utitiri mwekundu, mdudu wa kiangazi. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara tatu. Vidoa vikianza kutembea umempata. Osha upande wa chini wa majani kwa maji ya nguvu, asubuhi, siku tatu mfululizo, na upunguze vumbi. Vumbi linampa makazi, ndiyo maana bustani za kando ya barabara ya vumbi zinaumwa zaidi.

Majani yaliyokunjamana na kunata ni vidukari. Fuata sisimizi, wanakopanda ndiko waliko, maana wanawalinda ili wapate utamu wao. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, puliza jioni, suuza asubuhi. Konokono husumbua Januari tu, na hao unawaokota kwa tochi.

Yamestawi, hayachanui

Sasa nirudi kwa yule mama na kopo lake. Alitaka kujua amekosea nini. Hajakosea kitu. Kalenda ya ua kengele imeandikwa kwingine.

Aina nyingi za jamii hii hazichanui mpaka zipate moja ya mambo mawili, au yote: baridi ya wiki kadhaa, na mchana mrefu. Carpatica linahesabu urefu wa mchana. Kwao kiangazi kinapofika jua linakaa juu saa 16, nalo linajua wakati umefika. Dodoma mchana mrefu kabisa, mwezi Desemba, ni saa 12 na nusu hivi, na mfupi kabisa, Juni, ni kama saa 11 na dakika 45. Kwa ua hilo mwaka wetu mzima ni mwezi mmoja usiokwisha. Litaota majani tu likisubiri. Persicifolia linahesabu baridi: linataka mmea ulioshakomaa ukae kwenye nyuzi kama 5 kwa wiki nyingi. Julai yetu ya nyuzi 13 haitoshi, hata kama asubuhi tunavaa makoti.

Samadi haiongezi saa za mchana. Yurea inazidisha majani, na ndicho kilichotokea kwake.

Ufanyeje? La kwanza, na ndilo ninalolipenda, ni kuacha kudai ua na kula kilichopo. Kwa rapunculus, kutokuchanua ni neema. Mmea ukitoa shina la ua, mzizi unakuwa mgumu kama kamba. Wangu hautoi, basi navuna mizizi laini miezi mitano au sita baada ya kupanda.

La pili, taa. Carpatica nililiwekea taa ya mwanga wa manjano, mita moja juu ya vyungu, ikiwaka saa nne usiku mpaka saa nane usiku. Huhitaji kuongeza mwanga mpaka asubuhi. Kinachotakiwa ni kuukata usiku katikati, mmea uone kama usiku ni mfupi. Nilianza mwanzo wa Juni, maana kwenye joto kali maua hupungua na kuwa madogo. Wiki ya tisa nikaona vitumba. Mlinzi wa mtaa aliniuliza kwa upole kama kuna mgonjwa, taa inawaka usiku wa manane kila siku.

La tatu, baridi. Binti yangu ana duka, na duka lina friji ya soda yenye kioo na taa ndani. Nilimwomba rafu ya chini. Vyungu vitatu vya persicifolia, vyenye miezi saba, vilikaa humo wiki nane, vikimwagiwa kidogo kila wiki. Wateja waliuliza bei. Nilivitoa Julai, nikaviweka barazani kivulini; viwili vilichanua, kimoja kilioza kwa sababu nilikimwagia kama chungu cha nje. Kwa gharama ya nafasi ya soda sijui kama inalipa, lakini nilishaona kengele ya buluu Ntyuka. Ndugu aliyeko kwenye baridi ya Makete huenda asihitaji friji. Ukipata mmea uliolala baridi kule ukaja nao, umerahisishiwa kazi.

Kwa mwenye haraka yupo binamu yake, Platycodon, wa ukoo uleule. Aina zake fupi huchanua mwaka uleule wa kupandwa bila kudai mchana mrefu. Wakorea wanakula mzizi wake: wanaumenya, wanauchana, wanausugua kwa chumvi na kuuloweka uchungu utoke. Mzizi wake unakwenda chini moja kwa moja, basi panda pale utakapokaa, ukihamisha unaukata.

Majani ni machungu na magumu

Yamezeeka, au yamepata kiu. Chuma yakiwa na urefu wa kidole, asubuhi, toka nje kwenda ndani, na uache moyo wa mmea. Kuanzia katikati ya Oktoba mimi huacha kula mabichi, nayakatia kwenye mlenda au nayachemsha na karanga.

Je, kila ua la kengele linaliwa?

Hapana, na hapa sitanii. Nyumba nyingi za Dodoma zina ua la uzio lenye maua ya njano ya umbo la kengele: alamanda, au ule mti wa majani membamba yenye utomvu mweupe, Thevetia. Thevetia inaua. Tarumbeta jeupe linaloinama, na mnanaha unaoota majalalani, vyote ni sumu. Kuna na Digitalis, linalopandwa kwenye bustani za mapambo sehemu za baridi: kabla halijachanua majani yake yanaweza kudhaniwa ni ya ua kengele, nalo linasimamisha moyo.

Kipimo cha haraka kwangu ni utomvu na pahali ulipotoka mmea. Lakini Campanula zenyewe hutoa utomvu mweupe kidogo ukivunja shina, kwa hiyo utomvu peke yake usikudanganye upande wowote. Kula tu mmea uliouotesha mwenyewe kutoka kwenye mbegu yenye jina, na uweke kibao. Vibao vyangu ni vipande vya ndoo ya rangi vilivyoandikwa kwa msumari wa moto, maana wino wa kalamu unafutika kwa jua mwezi mmoja. Kimeandikwa jina, tarehe, na neno moja: KULA au USILE. Wajukuu wakija likizo wanasoma kibao kabla ya kuchuma, na yule mdogo asiyejua kusoma anachuma akiwa ameshikwa mkono.